Mafundi hatukulala usiku ule

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba intaneti ilipokatika usiku mtaani kwao, hapa Tanga, mafundi tulikuwa tumelala.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sikulala. Nilikuwa ofisini, chai ya tangawizi imepoa, simu ya zamu inatetemeka mezani mpaka ikaanguka chini. Kuanzia saa 8:10 hadi saa 8:40 usiku ziliingia meseji 412. Yenye maana ilikuwa moja tu: betri za mnara mmoja wa mawasiliano zinakaribia kuisha. Niliiona saa 10 alfajiri, mnara umeshazima. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba mlinzi wa mnara ule alikuwa macho, hatua kumi kutoka kwenye jenereta, akingoja tu apigiwe simu aiwashe.

Meseji zote hizo zilitoka wapi? Kila ruta, kila swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) na kila chaja ya betri mnarani imepangwa kupeleka arifa kwenye seva yetu likitokea jambo. Itifaki inayozibeba, yaani kanuni za vifaa kuzungumza, inaitwa SNMP na ni ya tangu 1988, na kwa kawaida arifa hugonga mlango namba 162 wa seva. Sasa kifaa hakijui kama jirani yake naye analia. Greda la barabarani likiugusa waya wa faiba, kiungo kinapotea, kinarudi, kinapotea tena, na kila mara swichi inatangaza: nimeanguka, nimeamka, nimeanguka. Vilivyo nyuma yake navyo vinahesabiwa kuwa havipatikani. Kwetu, kila tangazo liligeuzwa meseji likaja moja kwa moja kwa fundi.

Nikaomba ruhusa niandike skripti, yaani programu fupi ya kuzichuja arifa. Haina uchawi wowote. Programu inayopokea arifa, snmptrapd, inaweza kuagizwa iiite skripti kila arifa inapofika, iikabidhi jina la kifaa, anwani yake na anachosema. Kiungo kikianguka, skripti yangu inangoja sekunde 90. Kikiamka kabla ya hapo, inaandika kwenye faili na kuniacha. Kisipoamka, inatazama orodha: swichi hii inalishwa mtandao na ipi? Kama mlishaji naye yuko chini, wanaolishwa wananyamazishwa, anatajwa yeye peke yake. Na meseji inakuja kwa lugha ya binadamu: mnara fulani, faiba ya kuelekea mjini, chini tangu 8:12. Zamani ilikuja 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3. Hiyo nayo maana yake ni kiungo kimeanguka, ila jaribu kuisoma saa 8 usiku ukiwa na usingizi.

Bosi alipoona arifa zimepungua ghafla, aliniuliza kama mfumo umeharibika. Sikumcheka. Kwa miaka mingi tumezoea kudhani ofisi yenye kelele ndiyo inayofanya kazi.

Lakini nisijisifu, maana skripti hiyohiyo imeshaniumbua. Niliiwekea sharti kwamba arifa ikijirudia mara 3 isiniamshe tena. Wiki ya pili, chumba cha betri cha mnara mwingine kikapata joto. Arifa ikaja mara 3, nikadhani ni ile feni yenye kelele za kila siku, nikasema nitaitazama asubuhi. Ikaendelea kulia usiku kucha, na skripti ikawa inaizima kwa utiifu mkubwa. Asubuhi zahanati inayotumia mnara ule haikuweza kuhakiki kadi za bima, watu wamekaa benchi na watoto wenye homa. Kosa lilikuwa langu. Sasa unyamazishaji wowote unaisha baada ya dakika 30, na tatizo likiwa bado lipo simu inapigwa, kwangu kwanza, kisha kwa msimamizi.

Kuna na hili ambalo wengi wa kazi yetu hulisahau: arifa hizi nyingi husafiri bila stakabadhi. Ikipotea njiani, aliyetuma hajui na wewe hujui. Na kifaa kilichokatikiwa umeme ghafla mara nyingi hakiwahi hata kupiga yowe. Kwa hiyo huwezi kukaa ukingoja kuitwa. Tumeweka skripti ya pili inayopita kwenye kila kifaa kila dakika kubisha hodi. Asiyeitikia mara tatu mfululizo tunamfuata.

Ninachowaomba wakuu wa kampuni za intaneti si programu mpya ya bei kubwa. Mpeni fundi saa chache za mchana, akili ikiwa safi, aandike masharti haya na kuyajaribu, kisha mwenzake ayasome kabla hayajaanza kutumika. Mengi huandikwa usiku, kwa hasira, baada ya meseji ya mia nne. Langu la mara 3 niliandika hivyo.

Skripti yetu ina mistari 140 hivi. Juzi mwenzangu wa zamu ya mchana aliisoma kwa mara ya kwanza, kalamu mkononi. Kwenye orodha ya nani anamlisha nani akakuta swichi tuliyoihamisha mwaka jana, bado imeandikwa chini ya mlishaji wake wa zamani.

Fundi wa zamu ya usiku,
Tanga
(Jina limehifadhiwa)