Mgeni Aliyeibwa

Valenzano, Italia
Jumapili, 17 Machi

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na mzee wetu, na kwamba masika yameanza kwa ustaarabu mwaka huu. Mimi sijambo, ila baridi imenichosha. Darasani bado tuko kwenye umwagiliaji wa matone, na mtoto wa Bagamoyo sasa naota mabomba usiku.

Unanilalamikia kwamba nakutumia picha tu kwenye simu, kisha nasema "nitakueleza". Haya, leo mvua inanyesha na sina pa kwenda. Nakueleza.

Jana nilipanda basi nikashuka Bari mjini, nikaingia ule mji wao wa kale, Bari Vecchia. Unakumbuka siku tuliyopotea Mji Mkongwe wa Unguja tukitafuta Forodhani, tukatokea mara tatu kwa yule muuza kahawa? Basi ndivyo. Vichochoro vya mawe, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, bahari unaiona kidogo kwenye upenyo halafu inapotea. Wenyewe wanasema njia zilipindwa makusudi ili maadui wanaotoka baharini wapotee. Mimi adui wa kutoka Valenzano nilipotea kweli. Mara ya tatu napita mbele ya picha ileile ya Bikira Maria na kitaa chake ukutani, mama mmoja aliyekaa nje na meza yake ya unga akaangua kicheko. Akanyoosha kisu: "San Nicola? Kule!" Huyo mama nitamrudia.

Kanisa lenyewe, Basilika la Mtakatifu Nikolao, kwa nje halina makuu. Ukuta mrefu mweupe, mawe matupu, utadhani ngome. Mlango mkuu una nguzo mbili zimebebwa na ng'ombe dume wawili wa mawe, pua zimelika na upepo wa chumvi. Hadithi ya mjini ni kwamba masalia ya mtakatifu, yaani mifupa yake, yalipofika yalipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaachiwa waende watakako, na waliposimama ndipo pakajengwa. Ni hadithi tamu, lakini ukweli una vurugu zaidi, na ndio uliofanya nikukumbuke.

Nikolao hakuwa mtu wa Bari hata kidogo, Mwanaidi. Alikuwa askofu wa Myra, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4, na huko ndiko alikozikwa. Watu wa dini wakaenda kumzuru miaka mamia. Sasa Bari ilikuwa mji mkubwa wa utawala wa Kigiriki upande huu wa bahari, gavana wao akikaa hapahapa lilipo kanisa. Mwaka 1071 Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, wakauteka, na ule ukubwa ukaondoka. Mji ukabaki kama mtu aliyefukuzwa kazi, suti anayo lakini hana pa kwenda. Miaka 16 baadaye, mabaharia wa Bari waliokuwa wamepeleka nafaka Antiokia wakatia nanga karibu na Myra. Walikuwa 62. Walisikia Waveneti, watu wa mji wa Venisi, nao wana nia ya kumchukua mtakatifu, basi wakawahi. Watawa waliolinda kaburi wakalia na kubembeleza, haikusaidia. Kijana mmoja aitwaye Matteo akavunja jiwe kwa chuma, akaingia miguu yake yote kaburini, akatoa mifupa ikichuruzika maji. Tarehe 9 Mei 1087 wakaingia bandarini kwao mji mzima ukiwashangilia.

Yaani ni wizi! Nami nilidhani watalificha jambo hilo, au walisemee chini chini. Wapi! Majina ya wale 62 yaliandikwa kwenye ngozi na bado yanatunzwa, na kila Mei wanafanya sherehe siku tatu, sanamu ya mtakatifu inapandishwa chombo inatembezwa baharini. Na hawakumaliza kupora kabla ya kuanza kugombana: askofu mkuu alitaka masalia yaende kwake, mabaharia na wenyeji wakakataa, damu ikamwagika pale pale. Aliyewatuliza ni abati mmoja, yaani mkuu wa watawa, Elia, ndiye akapewa kazi ya kujenga. Alianza na kanisa la chini, na mwaka 1089 Papa Urbano wa Pili akaja mwenyewe kuyaweka masalia mahali pake. Jengo lote halikutabarukiwa mpaka 1197.

Kwa juu nitakupitisha haraka. Dari lina michoro iliyozungushiwa dhahabu mpaka shingo inauma, na katikati wameweka matao makubwa ya kuzuia kuta zisilale, ya karne ya 15, yanayoharibu mandhari lakini nani atabishana nayo. Nyuma ya altare amezikwa malkia wa Poland, Bona Sforza, aliyefia Bari mwaka 1557. Kaburi lake kubwa kuliko nyumba yetu ya Dunda.

Ila kuna kiti. Ni cha askofu, kinaitwa kiti cha Elia, kimechongwa marmari nyeupe. Watu wote wanapiga picha sehemu ya kukalia. Wewe ungeinama, najua, kwa hiyo niliinama. Chini, mbele, kuna watu watatu wamekibeba. Wawili wa pembeni wako karibu uchi, kiti kimewaelemea mabegani, mmoja mdomo wazi kabisa, unauona ulimi na unakaribia kusikia anavyoguna. Mwanaidi, wale ni wapagazi. Hakuna aliyezaliwa Bagamoyo akaangalia mabega yale asijue. Nilichuchumaa pale hadi mlinzi akakohoa. Nikajiuliza fundi alimwona wapi mtu wa kweli amebeba mzigo wa kweli, maana ile sura haikutoka kichwani.

Basi nikashuka kanisa la chini.

Huko ni kwingine. Dari liko chini, nguzo 26, kila moja na kichwa chake, hii ndege, hii simba, hii majani. Harufu ya ubani na nta. Siku ile walikuwepo Waorthodoksi, wengi wao wanawake, vitambaa kichwani, wakiimba bila kinanda. Kanisa ni la Wakatoliki, linatunzwa na mapadre Wadominiko, lakini hawa nao wanasali humo humo, kwa kuwa Nikolao ni wao pia tangu kale. Mimi peke yangu nilikuwa kichwa wazi, nikaona haya. Nikatoa mkobani ile kanga uliyokata doti ukanipa kipande kimoja siku ya safari, nikajitanda. Bibi mmoja akaniangalia, akatikisa kichwa kuridhia, akanisogezea nafasi.

Kaburi lenyewe liko nyuma ya kizuizi cha chuma, chini ya altare. Huoni mifupa. Unaona jiwe, taa, na watu. Yule bibi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechanika, imejaa majina. Akaweka paji la uso kwenye chuma akawa anayasoma moja moja, taratibu, kama anayeita mahudhurio.

Nikakumbuka siku ile Kaole nilipokucheka, ulipochoma ubani kwenye kaburi la Sharifa na kumwombea mama yako. Nilikuambia, "Aliyelala humo atakusikia?" Ukaninyamazia. Niombee radhi kwa Sharifa, shoga yangu. Na ule utani wako wa uwanja wa ndege, kwamba nikifika kwa mtakatifu wa mabaharia nimtaje mzee, niliufanya kweli. Nilimtaja mzee wetu jina lake kamili na la jahazi lake, na kwamba macho yamepungua lakini bado anaijua kaskazi kwa harufu. Kwa Kiswahili. Naamini aliyepelekwa baharini na wezi 62 anaelewa mambo ya manahodha.

Kuna na yale maji. Kila tarehe 9 Mei padre anainama kaburini anayakinga, kidogo tu, wanayaita mana. Yanachanganywa na maji ya baraka yanatiwa kwenye vichupa. Kichwa changu cha umwagiliaji kikaanza hapo hapo: kanisa la chini, bahari jirani, jiwe baridi, unyevu lazima utafute njia. Kisha nikanunua kichupa kimoja kwa ajili ya mama. Usimwambie habari za unyevu.

Pembeni kuna nguzo nyekundu ndani ya kizimba cha chuma, ati mtakatifu mwenyewe ndiye aliyeileta. Wasichana wanaotafuta waume huenda kwenye nguzo hiyo alfajiri ya tarehe 6 Desemba, sikukuu yake. Sababu ni kwamba aliwahi kuwarushia dhahabu usiku mabinti watatu wa mtu fukara ili wapate kuolewa. Ndiyo maana sanamu zake nyingi zimeshika mipira mitatu ya dhahabu. Kwao enzi hizo mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi, fikiria hasara hiyo kwa mwenye mabinti wanne kama wewe. Na kutokana na zawadi hizo za usiku ndipo Wazungu wa kaskazini wakamtoa Baba Krismasi. Ila sanamu ya hapa haina mashavu mekundu wala haichekicheki. Uso ni maji ya kunde, mweusi kupita wenyeji wote waliokuwa wamesimama chini yake. Wenyewe wanamwita San Nicola Mweusi na hawaoni ajabu.

Nikatoka jua linazama, njaa imenishika. Nikarudi kwa mama wa unga. Anatengeneza orecchiette, tambi za umbo la sikio dogo. Hana mashine. Anasokota unga wa ngano ngumu uwe kamba nyembamba, anakata kipande kama punje ya hindi, anakiburuta kwa ncha ya kisu butu mpaka kijikunje, halafu anakigeuzia kwenye ncha ya kidole gumba. Sikio. Anaongea na jirani wa ghorofani huku vidole vinaenda. Nilijaribu, langu likatoka kama kiatu kilichokanyagwa, akalitupa kwenye trei pamoja na mengine bila kusema.

Akaona kanga, bado nimejitanda. Akafuta mikono akaishika pindo, akauliza haya maandishi yanasemaje. Unalijua jina lake: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Kwa Kitaliano changu cha miezi minne nikajikongoja: mtu wa nje, karibu, ili wa nyumbani awe mzima. Akaacha kisu. Akamwita jirani wa juu, akamtafsiria kwa lahaja yao, wakajibizana kwa makelele hata nikadhani nimetukana. Kumbe nao wana msemo wao, kwamba San Nicola anawapenda wageni. Wanausema kwa kijiba kidogo: anawapenda wageni kuliko sisi wa kwake! Nikataka kumwambia ni haki yake, yeye mwenyewe ni mgeni, na tena hakuja, aliletwa kwa nguvu. Kitaliano kikaniishia. Nikaonyesha kanisa kwa kidole, nikasema, "Yeye, mgeni." Akasema, "Eh," akarudi kwenye tambi.

Aliitaka ile kanga, wazi wazi. Nikamkatalia kwa sababu nusu ya pili iko kwako. Lakini nimeahidi. Basi tafadhali, ukienda Kariakoo nitafutie doti nyingine yenye jina hilohilo. Isiwe ya maua makubwa, yeye ni mfupi. Mwenzetu mmoja wa kozi anakuja likizo Dar mwisho wa Aprili, ataipitia kwa dada yako Magomeni. Mama wa unga amesema atalipa kwa kilo mbili za masikio makavu. Kilo moja ni yako. Yachemshe ukayale na mchicha, usiyatie nazi mara ya kwanza.

Msalimie mzee. Mwambie nimemtaja.

Wako,
Neema