Demio inabana mafuta na bado ni tamu kuendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu Mazda Demio maana nimechoka kusikia kila anayetaka gari ndogo anaambiwa chukua Toyota IST au Vitz, basi, mjadala umeisha. Mimi ninayo Demio ya 2015, petroli cc 1300, mwaka wa tatu huu natoka nayo Kimara kwenda mjini na kurudi, na kila nikiingia sheli naandika kwenye simu.

Napima hivi, najaza tenki mpaka pampu inajikata yenyewe, naweka kilomita sifuri, natembea zangu, halafu narudi kujaza palepale mpaka ijikate tena naangalia zimeingia lita ngapi. Mwezi uliopita nilienda Morogoro na kurudi, kilomita 384, zikaingia lita 22, yaani kama kilomita 17 na nusu kwa lita, tena tulikuwa watu wanne na AC inawaka njia nzima. Foleni ya asubuhi ni habari nyingine, hapo inashuka mpaka 11 hivi. Japani kwenyewe walipima wakapata zaidi ya 24, ila kile ni kipimo cha maabara, mtu asije akanunua kwa hesabu hiyo.

Sasa kilichonifanya niandike ni utamu wake barabarani. Wengi wanadhani gari inayobana mafuta lazima iwe imezubaa, unakanyaga inalia tu haiondoki. Kwenye hii Demio vitu vilevile vinavyopunguza mafuta ndo vinavyoleta raha. Ni nyepesi, tani moja na kidogo, kwa hiyo kona inakata bila kuyumba. Gia boksi yake sio CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, ni otomatiki ya gia sita na Mazda wameifanya ishikane moja kwa moja na injini mapema sana ukishaondoka, nguvu haipotelei katikati, ukikanyaga unaisikia hapohapo. Hata pedeli ya mafuta imefungwa sakafuni badala ya kuning'inia, kisigino kinatulia, unafika Mikumi mguu haujachoka. Wenyewe Wajapani wanaita jinba ittai, farasi na mpandaji wamekuwa kitu kimoja, na mimi kila nikipanda mlima wa Kitonga naielewa hiyo kabisa.

Ila inataka matunzo jamani. Oili yake ni 0W-20, nyepesi mno, sasa kuna gereji waliniwekea 20W-50, oili nzito, wakisema ndo ya joto la Dar, gari ikawa nzito na ulaji wa mafuta ukapanda, nikamwaga yote nikaweka ya kwake ikarudi sawa. Betri nayo, kwa vile injini inajizima yenyewe ukisimama kwenye taa, inataka ya aina yake na bei yake iko juu. Halafu iko chini, matuta ya mitaani unayapanda kiupandeupande. Spea sio kila kona kama za Toyota lakini Kariakoo zipo, tusitishane.

Ombi langu kwenu, mkiandika habari za magari msiishie kwenye bei na spea, waulizeni madereva wa hapahapa wanapata kilomita ngapi kwa lita, tenki kwa tenki, na muwaulize gari ikoje mkononi. Rekodi zangu za miaka mitatu zote ninazo, mkizitaka nawaletea.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam