Tuta la mto likaguliwe wakati wa kiangazi

Mhariri,

Wahandisi wa jeshi husifiwa mto unapofurika, lakini kazi yao kubwa hufanyika maji yakiwa yametulia. Nchini Marekani, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilikabidhiwa ulinzi wa bonde la Mississippi kwa sheria ya mwaka 1928, baada ya mafuriko makubwa ya 1927.

Hatari ya tuta, yaani ukingo wa udongo unaozuia mto usifurikie makazi, mara nyingi imejificha chini. Maji hupenya ardhini na kuibukia upande wa makazi yakibubujika na mchanga. Kuziba hapo ni kosa, kwani yatatafuta njia nyingine. Wahandisi huzungushia magunia ya mchanga, maji yakapanda ndani ya duara hilo hadi mgandamizo upungue na udongo usiendelee kuchukuliwa.

Mwaka 2005 huko New Orleans, Marekani, baadhi ya kuta za kuzuia mafuriko zilibomoka kabla maji hayajafika juu, na mwaka uliofuata kikosi chenyewe kilikiri kasoro za usanifu. Inauma, maana watu walijenga maisha yao wakiziamini kuta hizo. Naomba kila ripoti ya ukaguzi iwafikie wakazi wanaolindwa na tuta husika, hata ikiwa mbaya.

Msomaji wenu