Chui anakula, ila dawa bado

Pongwe, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Dodoma. Meseji yako nimeipata. Umeniuliza hali ya mbwa wetu Chui, halafu ukaongeza kwamba panya wamekumalizia mahindi stoo na shemeji anataka kununua sumu. La kwanza nina jibu jema: Chui yu hai, anakula, na jana kamtimua kunguru aliyekuja kudokoa pumba za kuku. La pili ndilo limenifanya nikuandikie barua nzima. Tafadhali nisome mpaka mwisho kabla mtu hajaenda sokoni.

Ugonjwa wake ulianza kimyakimya. Unamjua Chui, geti likiguswa tu yeye ndiye wa kwanza kufika. Siku hiyo alibaki amelala chini ya mwembe, ugali na dagaa hakugusa. Tukasema ni homa ya kupe, maana msimu huu wa mvua kupe wamezidi. Kulipokucha akawa anakohoa, na pua moja inatoka damu nyepesi isiyokatika. Baba Salimu akamfunua mdomo akakuta fizi nyeupe kabisa, hazina dalili ya damu. Sumu haikutupitia akilini. Sisi tuliokulia huku tunajua mbwa aliyelishwa sumu anatetemeka, anatoka povu na hafiki asubuhi. Chui hakutapika wala hakutetemeka.

Tulimfunga kwenye turubai tukampakia kwenye bajaji hadi mjini kwa daktari wa mifugo. Yule kijana wa bajaji Mungu ambariki, alikuwa anapunguza mwendo kwenye kila tuta bila kuambiwa.

Daktari alichukua damu kidogo, akaitia kwenye kichupa kikavu cha kioo, akakisimamisha mezani na kutukataza tusikiguse. Kisha akatazama saa. Dakika 20 zilipotimia akakiinamisha, na damu ikatiririka kama maji ya ukwaju. Damu ya mbwa mzima ingekuwa imeshaganda zamani. Akatuambia ndicho kipimo wanachofanyiwa hata watu walioumwa na nyoka, mahali pasipo na maabara kubwa. Hapo ndipo akauliza kama nyumbani au kwa majirani kuna mtu aliyetega sumu ya panya siku za karibuni.

Salimu, tuliyempigia simu, alizunguka ua mzima. Nyuma ya banda la kuku akakuta kipakiti kimeraruliwa, hakina jina wala maandishi, ndani zimebaki punje chache zenye rangi ya buluu. Aliyeiweka hatujamjua, na hatujamnyooshea mtu kidole. Panya wenyewe huburuta chambo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ndiyo maana mpaka leo tunasema tunashuku: sumu yenyewe haikupimwa, tuna kile kipakiti, ile damu iliyokataa kuganda, na jinsi Chui alivyopata nafuu baada ya dawa.

Nikuambie inavyofanya kazi, maana nilimwomba daktari anieleze taratibu. Ini hutengeneza vigandishi vya damu kwa msaada wa vitamini K, na mwili huitumia vitamini hiyohiyo tena na tena. Sumu hii inazuia isirudi kazini. Vigandishi vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea kumlinda mnyama siku mbili, tatu, hata tano. Siku hizo zote anakula na kucheza, nawe huna habari. Vikimwishia, damu inavuja ndani kwa ndani: kwenye mapafu, tumboni, kwenye viungo. Kile kikohozi kilikuwa damu kifuani.

Utashangaa na hili. Sumu za aina hii ni ukoo mmoja na ile warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, anayomeza mjomba wako tangu alipowekewa valvu ya moyo. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, miaka kadhaa kabla ya kuwa dawa ya watu. Sasa nimeelewa kwa nini kliniki hawamwachii mjomba hata mwezi upite bila kumpima damu. Hizi za panya za siku hizi zina nguvu kupita hiyo, na zinakaa kwenye ini wiki nyingi.

Dawa yake ni vitamini K1. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo, wakanipa unga wa vitamini wa kuku ulioandikwa K3. Daktari akaukataa palepale, akasema K3 haifui dafu kwa sumu hii hata ukimpa mbwa kopo zima. K1 tuliipata famasi ya watu: ni ileile sindano wanayochomwa watoto wachanga wasije wakavuja damu. Vidonge vya kuendelea navyo ilibidi viagizwe Dar. Usiku ule wa kwanza ulikuwa mzito, Zuhura. Sindano haigandishi damu papo hapo, ini linahitaji saa kadhaa litengeneze vigandishi vipya, na sisi tulikuwa tunahesabu pumzi zake.

Mavyaa alikesha nami. Unamjua alivyo, miaka yote hii Chui havuki kizingiti cha ua wa ndani, na akimgusa mtu kwa mate, mavyaa anasimamia mwenyewe kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usiku ule alikuja na kiti chake akakaa barazani, akawa ananisaidia kumdondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Akaniambia yule mwanamke aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa madhambi yake, sembuse sisi ambao huyu analinda mbuzi wetu. Alfajiri akaosha mikono yake mara saba, akaingia kuswali.

Majirani walileta tui la nazi, maziwa, mayai mabichi na mkaa wa kusaga. Nawashukuru kwa moyo wao, lakini vyote nilirudisha. Sumu ilikuwa imeshaingia mwilini siku nyingi, na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali.

Na sasa ndiyo nina vita ngumu kuliko ya usiku ule. Chui ameshaonekana mzima, na kila anayepita anauliza kwa nini bado natupa hela kwenye vidonge. Nakataa kabisa. Daktari ameandika wiki nne, nikiacha katikati wakati sumu bado iko kwenye ini, damu itaanza kuvuja upya, na safari hiyo huenda nisiwahi. Nampa kidonge pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Mifupa nimemnyima asije akajichoma fizi, na kamba ya shingoni nimeivua. Kukimbia nako marufuku, ingawa huyo kunguru hakuna aliyeniomba ruhusa kumfukuza!

Sasa stoo yako. Wale wachuuzi wanaopita na spika, dawa ya panya, mende, kunguni, wasipewe nafasi kwako. Vipakiti vyao aghalabu havina maandishi, na sumu ziko aina nyingi: nyingine inashika damu, nyingine mishipa ya fahamu, nyingine inatoa gesi tumboni. Kila moja ina matibabu yake, na nyingine haina dawa ya kuiondoa kabisa. Una kitoto kinachotambaa na una paka, na paka anaweza kudhurika kwa kumla panya aliyekula sumu. Nunueni mapipa yenye mfuniko, mzibe matundu ya ukutani kwa saruji na waya, mtege mitego. Ni kazi, najua.

Kama imeshanunuliwa na mnyama akaila, usingoje dalili. Chukua pakiti, mpigie daktari saa hiyohiyo, maana katika saa za mwanzo yeye anaweza kumtapisha. Usimtapishe mwenyewe, hasa kama ni mafuta ya taa au tindikali: mafuta yakirudi yanaweza kuingia mapafuni, na tindikali inaunguza tena. Mtoto akigusa, ni hospitali moja kwa moja na pakiti mkononi.

Vidonge vikiisha, daktari atasubiri siku 2 au 3 kisha atarudia kile kichupa. Ikiganda, tumemaliza, isipoganda, tunaendelea. Nitakutumia meseji siku hiyohiyo. Nawe nijibu mmeamua nini, na umsomee shemeji barua hii.

Akupendaye,
Mwanaidi