Boya la sayansi si gati

Mhariri,

Vijana wa Pwani wanaoajiriwa kwenye meli za kuvua jodari hufundishwa kuzima moto na kujiokoa majini kabla ya kusafiri. Naomba waongezewe somo moja: wasifunge meli kwenye boya la sayansi, yaani boya lililotiwa nanga baharini likiwa na vifaa vya kupima bahari na hewa.

Nilikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli ya utafiti. Boya linaloonekana likielea ni kichwa tu. Chini yake kuna waya wenye vipimajoto hadi mita 500, kisha kamba ya nailoni ya kilomita kadhaa, kisha nanga. Mara nyingi ni magurudumu chakavu ya treni. Siku ya kulitega, boya hutangulia majini. Meli husonga polepole nasi tuko tezi, nyuma ya meli, tunafunga kifaa kimoja kimoja, mkono mmoja kwenye waya, jicho kwenye winchi. Nanga huachiliwa mwisho. Penye kina cha mita 4,000 huchukua nusu saa na zaidi kutua.

Kulitoa ni kazi nyingine. Juu ya nanga pana kitasa chenye sikio: meli hukipigia mlio wake maalumu, kikafunguka, nanga ikabaki huko huko. Kisipojibu, meli nzima hununa, hata mpishi.

Safari moja kitasa kilijibu vizuri, lakini boya lenyewe lilikuwa limeng'olewa kipimaupepo, na mishipi ya meli ya uvuvi imeuzonga waya. Sababu naielewa: samaki hupenda kivuli cha boya, na nahodha hupenda samaki. Mvuvi wa ngalawa hafiki huko, kwa hiyo asisingiziwe.

Mtandao wa maboya hayo katika Bahari ya Hindi, uitwao RAMA, ulianza 2004 na hutuma vipimo kwa setilaiti. Ndio unaosaidia kujua kama maji ya upande wetu yanapata joto kuliko ya upande wa Sumatra, kama mwaka 2019, yalipopata joto hivyo na vuli ikaleta mafuriko. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama, ilikataza 2011 kuvua ndani ya maili moja ya bahari kutoka kwenye boya la vipimo au kuligusa. Lakini katazo hilo halijafika kwa kijana anayerusha kamba.

Basi picha ya boya ibandikwe darasani, kabla hajapewa kitabu cha ubaharia. Na aambiwe wazi: mishipi ikinasa, akate ya kwake.

Serahangi mstaafu,
Likoni, Mombasa