Kabla hujaigusa PID: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza uweke nguvu zako wapi muhula huu katika somo la vipimo na udhibiti wa mitambo. Ziweke kwenye kitanzi kizima: kihisi kinachopima, transmita inayotuma kipimo kwa waya, kidhibiti kinachoamua, vali inayotekeleza, na mchakato wenyewe. Wanafunzi wengi hukimbilia kuchezea namba za kidhibiti, kumbe ugonjwa uko kwenye waya.

Anza na miliampia 4 hadi 20, mkondo ambao transmita hutumia kutuma kipimo, tuseme cha kina cha tangi. Nne ni asilimia 0, ishirini ni asilimia 100, kwa hiyo 12 ni nusu. Kipimo hakianzii 0 ili waya uliokatika ujitangaze wenyewe. Ukisoma miliampia 0, usiandike kwamba tangi ni tupu. Sasa piga hesabu ya volti, maana wengi huiruka. Chanzo kina volti 24 na transmita inataka angalau 12. Zinabaki 12, na kwa miliampia 20 ukinzani wote wa kitanzi, waya ukiwemo, usizidi omu 600. Ukifika omu 750, mkondo utagota kwenye 16. Tangi likiwa chini kila kitu kitaonekana sawa, lakini likipita asilimia 75 kipimo hakisogei tena. Ndiyo maana kagua pointi tano: 0, 25, 50, 75 na 100, ukipanda na ukishuka.

Kwenye mtiririko unaopimwa kwa bamba lenye tundu, tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za bamba hufuata kipeo cha pili cha mtiririko, yaani mtiririko mara mtiririko. Tofauti ikiwa asilimia 25, mtiririko ni 50. Kipeuo cha pili, hesabu ya kurudi kwenye mtiririko, lazima kitolewe mara moja tu, ama kwenye transmita ama kwenye kidhibiti. Kikitolewa kote kuwili, 50 itasomeka karibu 71, huku 0 na 100 zikibaki sahihi kabisa. Hapo ndipo anayekagua ncha mbili tu anapoumbuka.

PID ni hesabu ya kidhibiti juu ya kosa, yaani tofauti kati ya kinachotakiwa na kinachopimwa: P hulizidisha kosa kwa namba niitayo nguvu, I hulijumlisha kadiri muda unavyopita, D hutazama kasi yake. Kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942 ya kuchagua namba hizo utafundishwa. Ongeza nguvu ya P peke yake mpaka mchakato uyumbe bila kupungua wala kukua. Ikiwa hapo nguvu ni 4 na kila wimbi huchukua sekunde 60, kwa PI (bila D) weka nguvu 1.8 na muda wa I sekunde 50. Mimi naona matokeo yake ni makali mno kwa mitambo mingi. Punguza nguvu hadi karibu nusu, kisha utazame. Angalia vipimo pia: kidhibiti kingine hutaka dakika, kingine marudio kwa dakika. Sekunde 50 hizo ni dakika 0.83, au marudio 1.2.

Kitanzi kikiyumba, usianze na namba hizo. Kiweke kwenye mkono, yaani uiendeshe vali mwenyewe badala ya kidhibiti. Myumbo ukiendelea, unatoka nje ya kitanzi. Ukikoma, sogeza vali asilimia 1, kisha 1 tena. Shina la vali likiganda halafu likaruka, hakuna namba itakayokuponya. Mpelekee fundi alegeze pakingi inayoziba kuzunguka shina, au akague pozishona, kifaa kinachoiweka vali mahali ilipoagizwa.

Laplace, hesabu inayogeuza milinganyo ya mchakato iwe aljebra, usiidharau, hasa sura ya ucheleweshaji. Ucheleweshaji ndio unaoamua utaweza kuwa mkali kiasi gani.

Na katika kila mchoro utakaokabidhiwa, uliza vali ikikosa hewa inayoisukuma inafunga au inafunguka. Ya mafuta ya tanuri ifunge. Ya maji ya kupoza ifunguke.

Mama yako