Fedha za tamasha zisipitie simu ya msanii

Mhariri,

Wanamuziki wanaochangisha kwa ajili ya wajane na yatima wa askari wetu, wakiwemo wa walinda amani waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, wanafanya jambo la heshima kubwa. Mambo huharibikia getini. Ukumbi, vyombo, jenereta na ulinzi vikilipwa kwa makusanyo ya mlangoni, familia huambulia makombo. Inauma! Mdhamini abebe gharama hizo kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Tiketi ziwe na namba na vishina, vihesabiwe usiku uleule mbele ya mwakilishi wa familia. Fedha ziingie akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Ada za watoto zilipwe moja kwa moja shuleni, kwa risiti.

Wadau wa muziki,
Kinondoni, Dar es Salaam